Kabla hujamtumia "wakala" pesa ya kitabu cha mwanao

Jumamosi moja asubuhi, jirani yangu hapa Igogo alipanda ngazi za mawe mpaka mlangoni kwangu, ndoo ya dagaa mkononi na khanga ya sokoni kiunoni. Nilimkaribisha ndani, hakuingia. Alininyooshea simu yake.

"Dada, wewe si unaandika magazetini? Hebu soma hapa, uniambie huyu ni mtu wa namna gani."

Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita wakala wa waandishi wa kimataifa. Alisema amesoma kurasa alizotumiwa na binti wa jirani yangu, zimemgusa, na atazipeleka kwa wachapishaji wa Ulaya. Kilichobaki ni shilingi 350,000 za usajili. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni ya siku hiyohiyo.

Binti mwenyewe yuko kidato cha tatu. Ana kaunta buku tatu zilizojaa mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu, hadithi ya msichana ambaye baba yake alikwenda kuvua visiwani na hajarudi. Mama yake huamka alfajiri kwenda Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa, kisha huwauza kwa rejareja huku kwetu. Pesa hiyo hakuwa nayo, ila alikuwa ameshamwomba mwenyekiti wa kikoba amkopeshe.

Alipokwenda kutuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la yule wakala. Lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Hapo akasita, akaja kwangu.

"Mimi hizo riwaya sizijui," aliniambia. "Lakini huyu mtoto akishika kalamu hata kula anasahau. Nisipotuma, si nitakuwa nimemfungia mlango?"

Mzazi mwenzangu, swali hilo ndilo limenifanya niandike makala haya. Watoto wetu wanaandika. Wengine wanaandika kwenye daftari, wengine kwenye simu usiku tukidhani wanachati. Siku moja mmoja wao atakuja na habari za wakala, nawe utatakiwa kuamua.

Wakala wa waandishi ni nani?

Ukitaja wakala hapa Igogo, mtu wa kwanza kumfikiria ni yule wa kutoa na kuweka pesa kwenye simu. Wa pili ni wakala wa samaki, anayepokea sangara kwa wavuvi na kuwapeleka kiwandani.

Wakala wa waandishi anafanana na huyo wa samaki. Anapokea mswada, yaani kitabu ambacho bado hakijachapwa, na kuutafutia mchapishaji anayefaa. Akimpata, anajadiliana naye bei na masharti, anausoma mkataba mstari kwa mstari, na baadaye anafuatilia malipo ya mwandishi. Kazi hii ilianza kujulikana kama taaluma jijini London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mtu anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuiishi ni A. P. Watt.

Malipo yake ndiyo sehemu ambayo kila mzazi anapaswa kuielewa. Kwa desturi ya kazi hiyo Uingereza na Marekani, wakala huchukua asilimia 15 ya kile ambacho mwandishi amelipwa katika soko la nyumbani, na kwa kawaida asilimia 20 kitabu kinapouzwa kwa tafsiri au nchi za nje. Kitabu kisipopata mchapishaji, wakala hapati kitu. Vyama vya mawakala wa nchi hizo haviruhusu wanachama wao kutoza ada ya kusoma mswada.

Tufanye hesabu ya mfano. Kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Mkataba unampa mwandishi mrabaha wa asilimia 10, yaani shilingi 1,000 kwa kila nakala. Zikiuzwa nakala 1,000, mrabaha wote ni shilingi milioni moja. Wakala wa asilimia 15 atachukua 150,000 na mwandishi atabaki na 850,000.

Kwa hiyo pesa inatoka kwa mchapishaji, inapita kwa wakala, inafika kwa mwandishi. Anayekuomba wewe umtume pesa kwanza ameugeuza mto utiririke kupanda mlima.

Mzee wa Ukerewe na miaka 35 ya kungoja

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini awepo mtu wa kati? Si mwandishi apeleke kitabu chake mwenyewe? Jibu liko ng'ambo ya maji, pale meli ya Nansio inapokwenda.

Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa mwandishi wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe. Alitaka vijana wasisahau jinsi wazee wao walivyolima, walivyovua, walivyoposa na walivyotunza ndoa. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alikuwa amemtia moyo aifanye kazi hiyo.

Ni hadithi ya familia hasa. Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka hawajapata mtoto, na ndugu wa mume wanamsema vibaya mke mpaka wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao. Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda kumfuata mkewe, anakubali kutozwa faini ya pombe ya ndizi, na wawili hao wanatafuta tiba pamoja. Mwishowe wanapata mvulana, Ntulanalwo, na msichana, Bulihwali. Ni mambo ambayo hata leo yanavunja nyumba za watu, pale familia ya mume inapomgeuka mke kwa kuwa hajazaa.

Kitabu kilikuwa kimekamilika, lakini hakuna aliyekichapa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache na wachapishaji waliona hasara. Kitereza alikuwa kisiwani, wenye mitambo ya kuchapa walikuwa mbali, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kugonga milango yao kwa niaba yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, mke na mume, Charlotte na Gerald Hartwig. Gerald alikuwa mwanahistoria aliyekuja kuchunguza historia ya Wakerewe. Walikutana na mzee Kitereza, wakaelewa thamani ya mswada wake, wakasaidia kuutafutia mchapishaji. Mwaka 1972 waliandika makala juu yake katika jarida la kitaaluma la fasihi ya Kiafrika, na wasomi wa nje wakaanza kulijua jina lake. Hawakuwa mawakala, lakini huko ndiko kufanya kazi ya wakala: kulibeba jina la mwandishi na kulifikisha mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika.

Kitereza naye alifanya sehemu yake. Ilipoonekana kwamba Kiswahili ndicho kitakachofungua njia, aliketi akaitafsiri riwaya yote mwenyewe, akiwa mzee. Ikitoka kitabuni ina zaidi ya kurasa 600. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikiongozwa na Walter Bgoya, ndiyo iliyoichapa, na toleo lina mwaka 1980. Kutoka 1945 hapo ni miaka 35.

Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi.

Baada yake kitabu kilisafiri. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtu wa Ukerewe. Mimi hukumbuka habari hii kila mzazi anaponiambia kwamba kuandika ni kupoteza muda. Kitabu hicho kilikuwa na wasomaji wakati wote ule, ila hakikuwa na mtu wa kukipeleka kwao mapema.

Mwanamke wa kijijini aliyebadili mikataba

Katika nchi zenye mawakala wengi, wanawake wamefika mbali katika kazi hii. Anayetajwa zaidi ni Carmen Balcells wa Hispania. Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji kidogo cha Santa Fe de Segarra, hakupita chuo kikuu, akaanza kazi hiyo katika miaka ya 1950 na kufungua ofisi yake Barcelona.

Aliwakuta waandishi wakisaini mikataba inayowafunga kwa mchapishaji mmoja maisha yao yote. Yeye alidai mkataba uwe na muda maalumu na utaje nchi ambazo mchapishaji anaruhusiwa kuuza. Muda ukiisha, haki inarudi kwa mwandishi. Leo mambo hayo yanaonekana ya kawaida, lakini wakati ule ilibidi mtu ayapiganie.

Kuna kisa ambacho mwandishi Mario Vargas Llosa wa Peru alikisimulia mwenyewe. Alikuwa akifundisha chuo kikuu London, ana watoto wadogo, anaandika kwa muda wa kuibia. Carmen alimfuata nyumbani akamwambia aache kufundisha, ahamie Barcelona aandike tu, naye atamlipa kila mwezi kiasi kilekile alichokuwa akipata chuoni. Mwaka 1970 alihama. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwandishi mwingine wa Carmen, Gabriel García Márquez wa Kolombia, aliipata mwaka 1982.

Angalia pesa ilielekea wapi katika kisa hicho. Ilitoka kwa wakala kwenda kwa mwandishi.

Carmen alifariki mwaka 2015.

Wakala mzuri anatafuta nini?

Jirani yangu aliponisikiliza mpaka hapa aliuliza swali la maana: "Kama hatafuti pesa yangu, basi anatafuta nini kwa mtoto?" Nilimjibu kwa yale ambayo mawakala na wahariri huwaomba waandishi wote, wakubwa kwa wadogo.

Kwanza, kazi iliyokwisha. Mwandishi mgeni wa riwaya haendi na sura mbili na ahadi. Anaandika mpaka mwisho, anaiweka kando wiki kadhaa, anairudia kwa macho mapya. Wengi huanguka hapa. Kuanza riwaya ni rahisi, kuimaliza kunataka mtu akae kitako siku ambazo hajisikii.

Pili, sauti yake mwenyewe. Anayesoma miswada mingi hutambua haraka mwandishi anayeiga. Kijana wa Igogo anayeandika kuhusu theluji ambayo hajawahi kuigusa, huku nje kwake kuna ziwa, treni, bandari ya Mwanza Kusini na watu wanaojenga juu ya majabali, anaacha mali nyumbani na kwenda kukopa kwa jirani. Si lazima kila hadithi iwe ya Mwanza. Lakini anachokiandika akijue kiasi cha kumfanya msomaji asikie harufu yake.

Tatu, barua fupi na muhtasari. Barua iwe ya ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, kina urefu gani, kimeandikwa kwa ajili ya nani, na mwandishi ni nani. Muhtasari ueleze hadithi yote pamoja na mwisho wake. Vijana wengi huficha mwisho ili "msomaji apate hamu". Wakala na mhariri wanataka kuujua, kwa sababu mwisho ndio unaoonyesha kama mwandishi alijua anakokwenda.

Nne, moyo wa kuandika upya. Mhariri anaweza kukipenda kitabu na bado akasema sura tano za mwanzo ziondoke. Anayechukulia hilo kama tusi hataimaliza safari. Anayelia usiku mmoja kisha akashika kalamu asubuhi ndiye wanayemtaka.

Tano, uaminifu. Kazi iwe yake, isiwe imenakiliwa kwa mwingine wala kutungwa na mashine kisha ikasainiwa jina lake. Na kama mswada ameupeleka mahali pengine, aseme. Wachapishaji wanafahamiana.

Hapa nyumbani utapita wapi?

Ukweli ni kwamba hapa Tanzania mwandishi kwa kawaida hupeleka mswada moja kwa moja kwa mchapishaji, bila wakala. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao hawezi kuchapishwa mpaka awe na wakala, hajasema kweli.

Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na E&D Vision ni miongoni mwa wachapishaji wa Dar es Salaam wanaotoa vitabu vya Kiswahili. Mkuki na Nyota ndiyo iliyotoa mwaka 2022 *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa Nobel mwaka 2021. Kabla ya kutuma chochote, soma kwanza mchapishaji anatoa vitabu vya aina gani. Aliyezoea vitabu vya kiada huenda asiwe na nafasi ya riwaya ya mapenzi.

Njia nyingine ni tuzo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ipo pia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Zote mbili zimekuwa zikipokea miswada ambayo bado haijawa kitabu. Masharti hubadilika kila mwaka, hivyo fuata tangazo rasmi la waandaaji wenyewe na usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu wizi wa kazi, ambao wazazi wengi wanauogopa: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo unaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, husajili kazi, na usajili husaidia kutoa ushahidi mgogoro ukitokea. Hata bila hayo, tunza madaftari ya mwanao yenye tarehe. Usiyafungie maandazi.

Kazi ya mzazi

Mpaka mtoto afikishe miaka 18, mkataba hausaini peke yake. Utasaini wewe, mzazi au mlezi. Kwa hiyo usome, na kama lugha yake ni ngumu, mpelekee mwalimu au mwanasheria kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tazama mambo manne. Mkataba ni wa muda gani? Unahusu nchi na lugha zipi? Mrabaha ni asilimia ngapi, na unalipwa lini? Haki zinarudi vipi kwa mwandishi kitabu kikiacha kuchapwa? Ukikuta maneno ya kutoa haki zote, milele, dunia nzima, simama uulize.

Na huyo anayejiita wakala muulize swali moja rahisi: ni vitabu gani ameviuza, kwa mchapishaji gani? Wakala wa kweli atavitaja kwa fahari, nawe utavitafuta uvione. Akikasirika, akikuharakisha, akikutumia namba ya pesa yenye jina jingine, umeshapata jibu.

Kuna mchapaji pia ambaye unamlipa akuchapie nakala mia mbili, nawe unaziuza mwenyewe. Hiyo ni biashara halali na watu wengi wameifanya. Kosa ni kuuziwa huduma hiyo ukiambiwa kwamba umechaguliwa.

Zaidi ya hayo, mpe mtoto muda na mahali. Wakala wa kwanza wa kila mwandishi mtoto ni mtu wa nyumbani anayesema, "Leo vyombo nitaosha mimi, wewe malizia hiyo sura." Mpeleke Maktaba ya Mkoa pale mjini asome wengine wameandikaje. Akikusomea, sikiliza hata kama umechoka. Usimwambie ni nzuri kama umesinzia katikati. Mwambie ulisinzia wapi.

Jirani yangu hakutuma ile pesa. Saa kumi ilipita, simu ikaita mara nne, hakupokea. Jumapili yake mtu yule alipunguza bei mpaka shilingi 150,000, na Jumatatu akanyamaza.

Binti alilia siku mbili. Alikuwa ameshawaambia wenzake darasani. Mama yake hakumsema kwa kutuma kurasa kwa mtu asiyemjua. Alimwomba amsomee sura ya kwanza, jioni, wakichambua dagaa uani. Aliniambia alivumilia mpaka baba wa kwenye hadithi alipopakia wavu asubuhi ya kuondoka, kisha akamkatiza mwanawe.

"Nilimwambia hapo amekosea. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, giza la mwezi. Huyo baba angeondoka jioni."

Binti akafuta, akaanza upya. Nilipopita kwao juzi alikuwa ameketi juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kaunta buku ya nne magotini, na mama yake akimwekea chakula pembeni kipoe polepole. Alisema bado sura sita.